Ujira wa Fundi wa Sauti

Limeenea siku hizi neno moja miongoni mwa watu wanaojihesabu kuwa wajuzi wa sanaa, nalo ni kwamba muziki unaotungwa kwa kompyuta hauna mtu wa kulipwa. Wenye neno hilo huliweka hivi: mpiga udi hujifunza miaka kumi, vidole vyake vikafanya sugu, na mwimbaji huimba hata koo likakauka, basi hao wastahili ujira, bali kijana aketiye mbele ya kioo na kubonyeza vitufe hapigi kitu, mashine ndiyo ipigayo, na mashine haili wala haivai. Hoja hii ina sura ya hekima, ndiyo maana hupokewa na watu wazima kwa kutikisa kichwa. Likichunguzwa, neno hilo ni ganda tupu. Walakini limefanya kazi kubwa duniani, maana kwa zaidi ya miaka sitini limekuwa ndilo kisingizio cha kuwanyima haki yao watu waliobuni sauti ambazo mataifa mengi yanazijua kwa sikio na hayazijui kwa jina.

Yafaa kuanza mbali, kwa sababu jambo la mbali huonekana umbo lake lote kwa mara moja. Mwaka 1958 BBC ilifungua katika mtaa wa Maida Vale, London, karakana ya sauti iliyoitwa Radiophonic Workshop. Humo akaja kufanya kazi mwanamke aliyesoma hisabati na muziki katika Chuo Kikuu cha Cambridge, jina lake Delia Derbyshire. Mwaka 1963 alipewa wimbo mfupi ulioandikwa na Ron Grainer kwa ajili ya mchezo mpya wa televisheni, Doctor Who. Alichopokea kilikuwa karatasi yenye noti chache. Wakati ule hapakuwa na kinanda cha kutoa sauti zilizotakiwa. Derbyshire na msaidizi wake walirekodi mdundo wa uzi mmoja na milio ya vyombo vya kupimia umeme, wakaupandisha na kuushusha kila mlio kwa kubadili mwendo wa utepe, wakakata utepe kwa wembe vipande vipande, kila noti kipande chake, kisha wakaviunganisha kwa mkono hata wimbo ukatimia. Grainer alipousikia alistaajabu, naye kwa insafu yake alitaka Derbyshire aandikwe kuwa mtunzi mwenzake na apate nusu ya mirabaha. Kanuni za shirika hazikukubali. Mafundi wa karakana walikuwa waajiriwa wa mshahara, wala majina yao hayakuandikwa. Wimbo ule umepigwa kwa miongo sita. Derbyshire aliacha kazi hiyo mwaka 1973, akafariki mwaka 2001, na jina lake lilitokea katika orodha ya kioo cha televisheni kwa wimbo huo mwaka 2013, mchezo ulipotimiza miaka hamsini.

Msomaji na aulize: je, hapa ni mashine iliyopiga? Mashine iliyokuwapo ni wembe na utepe. Kama mtu huyu hakuwa mwanamuziki, basi na aliyechonga ngalawa si fundi, ila tezo ndiyo fundi. Kilichomkosesha fungu lake hakikuwa upungufu wa kazi yake, bali mazoea ya kale ya kugawa muziki mafungu mawili tu, yaani aliyeandika noti na aliyefungua kinywa, na kumwona kila aliye katikati kuwa mtumishi. Mazoea hayo yalizaliwa wakati ambapo sauti yenyewe haikuwa mali. Wimbo ulikuwa mali, na sauti ilikufa hewani mara itokapo. Siku santuri ilipozuka, sauti ikawa bidhaa ya kupakiwa melini. Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, watu wa pwani walijifunza kwamba mwimbaji aweza kubaki Zanzibar na sauti yake ikauzwa Lamu. Muziki wa umeme umelisogeza jambo hilo hatua moja mbele, kwa kuwa ndani yake sauti si chombo cha kubebea utunzi. Sauti ndiyo utunzi. Mwenye kuibuni ndiye mtunzi, na kumwita mbonyezaji wa vitufe ni sawa na kumwita mshairi mchovya wino.

Sasa na tuje Dar es Salaam, ambako shauri hili halina umbali wowote. Katika mitaa ya Manzese, Tandale na Mburahati umekua tangu miaka ya 2000 muziki uitwao singeli. Mwendo wake ni wa kasi isiyo na mfano: mapigo 200 kwa dakika ni ya kawaida, na wako wanaokaribia 300. Chimbuko lake ni vigodoro, yaani zile sherehe za mtaani za usiku kucha, ambako wapiga muziki walichukua vipande vifupi vya taarabu ya kisasa, wakavikata, wakavizungusha, wakaviongeza kasi, na mwimbaji akaghani juu yake. Anayevikata na kuvizungusha huitwa prodyuza. Yeye ndiye anayechagua kipande, anayepima mwendo, anayejua ni wapi ngoma iingie na wapi ikatike ili umati upige kelele. Toa maneno ya mwimbaji, singeli bado ni singeli. Toa mapigo ya prodyuza, kinachobaki ni mtu anayesema haraka.

Na bado nchini watu wanaojulikana ni waimbaji. Muulize mpita njia akutajie watu wa singeli, atakutajia Msaga Sumu na Man Fongo, na hakuna ubaya, kwani nao wamefanya kazi yao. Muulize nani aliyatengeneza mapigo ya wimbo anaoupenda, atanyamaza. Mwaka 2017 kampuni ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, ukiitwa Sounds of Sisso. Ukafuatwa na kazi zilizotoka kwa majina ya watengenezaji wenyewe: Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018, kisha mwaka 2019 Tatizo Pembeni ya Jay Mitta na Uingizaji Hewa ya Duke. Baadhi ya vijana hao wakapanda majukwaa ya Ulaya. Hapo msomaji aone kichekesho cha mambo: sauti ni ile ile, kompyuta ni ile ile, ila ikivuka mpaka huandikwa jina la aliyeitengeneza, na ikibaki kwao huandikwa jina la mwingine. Haiyumkiniki mtu awe mtunzi Kampala na Berlin, kisha awe mbonyezaji wa vitufe Mburahati.

Pengine msomi wa sheria atasema kwamba lawama hii yapasa kuelekezwa kwa sheria. Sivyo kabisa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoleta COSOTA, hailindi maneno ya wimbo peke yake. Inalinda muziki, uwe na maneno au usiwe nayo, na ulinzi huo hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo kijana aliyetunga mapigo yasiyo na neno hata moja ni mwenye haki tangu dakika alipoyahifadhi. Ugumu uko kwingine. Sheria inamtambua pia mtayarishaji wa kinasa sauti, na kwa lugha ya sheria huyo ni yule aliyeanzisha na kuwajibika kwa kazi ya kurekodi, mara nyingi mwenye mtaji au mwenye studio. Neno la mtaani «prodyuza» linafanana na neno hilo la sheria kama pacha, na kwa kufanana huko watu wawili wamegeuzwa mmoja. Mwenye chumba na umeme hudai fungu la mwenye ubunifu. Mwenye ubunifu, asiye na karatasi mkononi, hulipwa ujira wa siku na kuagwa. Wanafunzi wa Kiswahili wapendao kusema kwamba msamiati ni mambo ya kamusi tu wangefaa kulitafakari neno hili moja.

Ujira wa siku si dhuluma peke yake, maana hata fundi mwashi hulipwa kwa siku na hadai kodi ya nyumba aliyoijenga. Lakini mwashi hajengi nyumba moja ikakaliwa na watu elfu mia kwa wakati mmoja. Wimbo hukaliwa namna hiyo. Ndiyo maana pakawekwa mirabaha, nayo haikuwekwa kwa huruma ya mtu yeyote.

Hapo ndipo huja watetezi wa soko, wakiwa na mtandao mikononi kama dawa ya maradhi yote. Wasema: zamani studio zilikuwa chache na redio ilikuwa moja, leo kila mtu aweza kuitandaza kazi yake duniani, mwenye kupendwa atalipwa, na asiyelipwa amwulize msikilizaji wake. Spotify iliingia Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2021, na wengine walikuwako kabla yake. Basi na tuhesabu, kwa kuwa watetezi hawa husema sana na huhesabu kidogo. Fedha za wasikilizaji hazimwendei yule waliyemsikiliza. Huingia katika chungu kimoja; takriban theluthi mbili hugawiwa wenye haki, na mgao hufuata idadi ya mara ambazo kila wimbo umepigwa kati ya nyimbo zote. Tuseme wako wasikilizaji wawili, kila mmoja hulipa shilingi 10,000 kwa mwezi. Wa kwanza ni mtu wa kufungua muziki kutwa kucha, akapiga nyimbo za mashuhuri wa Marekani mara 900. Wa pili ni dereva anayependa singeli, akaipiga mara 100 tu, wala hakusikiliza kitu kingine. Katika chungu cha shilingi 20,000, wenye haki wana kama 14,000. Mtu angedhani kwamba watu wa singeli watapata 7,000, yaani fungu lililotoka katika mfuko wa dereva. Watapata 1,400. Zile 5,600 za dereva zimekwenda kwa watu asiowasikiliza hata mara moja. Hakuna aliyeiba, ndiyo kanuni.

Kisha tangu mwaka 2024 kampuni hiyo haigawi chochote kwa wimbo ambao haujafikisha kupigwa mara 1,000 katika miezi 12. Kwa nyota, mara elfu moja ni ya dakika chache. Kwa kijana anayetoa vipande vingi vifupi, kama ilivyo desturi ya wanamuziki wa umeme, kila kipande na wapenzi wake wachache, kanuni hiyo yaweza kumaanisha kwamba jumla ya kazi yake ya mwaka ni sifuri. Tena upigaji huhesabiwa baada ya sekunde 30, basi aliyetunga kipande kimoja cha dakika arobaini cha kuchezwa usiku huhesabiwa mara moja, sawa na aliyetunga cha dakika mbili. Kanuni zimekatwa kwa kipimo cha wimbo wa redio, na muziki wa aina nyingine huvaa nguo isiyomfaa. Si kwamba njia nyingine hazipo. SoundCloud mwaka 2021 ilianza kumgawia mwanamuziki kutokana na fedha za wasikilizaji wake mwenyewe. Na Bandcamp kwa miaka mingi imekata asilimia 15 katika mauzo ya muziki na kumwachia muuzaji kilichosalia, baada ya gharama za malipo. Mifano hii yatosha kuonyesha kwamba mgawo wa chungu kimoja si amri ya maumbile. Ni uamuzi wa watu, na uamuzi wa watu hubadilishwa na watu.

Wapo pia wasemao kwamba msanii wa kweli hafikirii fedha. Hoja hii haihitaji muda mrefu. Katika desturi za Waswahili fundi aliyemfunza mtu kazi alipewa kilemba chake, mwimbaji wa taarabu alitunzwa mbele ya watu, na aliyeitwa kupiga ngoma harusini hakurudi kwao na njaa. Mapenzi ya sanaa yasiyo na chakula ni fikira iliyoletwa na watu walioshiba.

Yamesemwa haya yote kwa upande wa wanamuziki wa umeme, na huenda wakapiga makofi. Wasiharakishe. Upo upande wa pili wa shauri, nao ndio unaowafanya wengi wao wawe mashahidi dhaifu katika kesi yao wenyewe. Mwaka 1969 bendi ya The Winstons ya Marekani ilitoa santuri yenye wimbo uliopendwa, Color Him Father. Upande wa pili iliwekwa kazi ya ala iitwayo Amen, Brother, na katikati yake mpiga ngoma, Gregory Coleman, alipiga peke yake kwa sekunde zisizozidi saba. Miaka ya 1980 wapiga muziki wa mashine walikigundua kipande hicho. Wakakikata, wakakizungusha, wakakiongeza kasi. Huko Uingereza pakajengwa juu yake aina nzima za muziki, jungle na drum and bass. Kimetumiwa katika maelfu ya nyimbo, katika matangazo ya biashara na michezo ya televisheni. Kiongozi wa bendi na mwenye hakimiliki, Richard Spencer, hakupata habari mpaka mwaka 1996, na muda wa kushtaki ulikuwa umepita. Mwaka 2015 wapenzi wa muziki huo walichanga mtandaoni wakampa pauni 24,000. Coleman hakuwapo kupata hata hicho. Alifariki mwaka 2006 mjini Atlanta, maskini asiye na makao.

Aliyekifanya kipande cha Coleman kiwe utajiri wa watu wengine hakuwa bwana mwenye kampuni peke yake. Alikuwa pia kijana mwenye mashine, fukara kama yeye, aliyeamini kwamba kuchukua sekunde saba si kuchukua. Na singeli imezaliwa kwa kitendo hicho hicho. Vile vipande vya taarabu vilivyozungushwa katika vigodoro vina wapiga vinanda wao, wana fidla wao, waimbaji wao wa kike waliotoka jasho studioni. Wangapi kati yao wameulizwa? Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Prodyuza anayedai kwamba sauti ni mali, na kwamba aliyeibuni sauti ni mtunzi, anasema kweli, na kwa ulimi huo huo amekiri deni lake kwa wale aliowakata na kuwazungusha. Hawezi kushika nusu ya hoja. Kusema kwamba kipande ni kifupi hakumwokoi, kwani cha Coleman kilikuwa kifupi zaidi. Kusema kwamba amekibadili kuna uzito, na kwa sababu hiyo fungu la mwenye kipande liwe dogo kuliko lake. Lakini dogo si sifuri.

Je, basi, mwanamuziki wa umeme aweza kuishi kwa haki kutokana na sanaa yake? Jibu lategemea haki ni nini. Ikiwa maana yake ni kwamba kila mwenye kompyuta alipwe, haiwezekani wala haifai. Kalamu zimejaa madukani na si kila mwenye kalamu hulipwa kwa kuandika. Haki ni kwamba faida ikipatikana kwa kazi fulani, aliyeifanya kazi hiyo awe na fungu ndani yake linalojulikana kabla ya faida kupatikana. Ukumbi ukijaa watu na vinywaji vikauzwa, simu zikauza vifurushi vya data kwa sababu watu wanataka kuona video za singeli, mwanasiasa akakusanya umati kwa mapigo hayo wakati wa kampeni, faida ipo. Kinachokosekana ni karatasi. Kabla mwimbaji hajaingia studio, paandikwe ni nani mtunzi wa mapigo na ni asilimia ngapi zake, na jina lake liandikwe katika wimbo kila unapotokea. Kazi iandikishwe kwa jina hilo. Na kipande kilichotwaliwa kwa mwingine kitajwe na kulipiwa. Haya hayahitaji kungoja bunge wala kampuni ya Stockholm. Waimbaji walioshika majina makubwa wanaweza kuyaanza kesho, nao ndio wa kwanza kuulizwa kwa nini hawajaanza.

Wa pili kuulizwa wako karibu zaidi na kurasa hizi. Singeli imekwisha kuingia vyuoni. Imekuwa mada ya tasnifu, ya makala na ya makongamano. Lugha yake inachambuliwa, kasi yake inapimwa, jinsia na mji vinatafutwa ndani yake. Mtafiti hufika Mburahati akiwa na kinasa sauti, akaketi saa nne katika studio ya watu, akaeleweshwa jinsi kipande kinavyochaguliwa na kwa nini mapigo yale yakatike pale, akarudi na elimu iliyompatia shahada, na pamoja na shahada cheo, na pamoja na cheo mshahara mpaka siku ya kustaafu. Aliyemweleza ameachiwa soda na ahadi ya kutumiwa nakala. Katika maandishi huitwa «mtoa habari», bila jina, kwa kisingizio cha kumlinda, ingawa mtu huyo amehangaika maisha yake yote ili jina lake litajwe. Kisha wimbo alioutengeneza hupigwa ukumbini kufungua kongamano. Makadirio ya fedha za utafiti yana safu ya nauli, safu ya kulala, safu ya chakula, safu ya karatasi na wino. Safu ya fundi wa sauti haimo, na wanaoandika makadirio hayo ni wasomaji wa jarida hili.